Kijani Sikioni mwa Wendo

Kifuniko cha chungu kiligonga mara moja, kikatulia, kisha kikagonga tena. Chachu ilikuwa imeamka kabla yetu. Ikikesha inakula maganda ya zabibu, hufika alfajiri imeshiba, ikaanza kupumua, na pumzi yake ndiyo inayoinua kile kifuniko cha bati. Nimeisikia sauti hiyo tangu utando, hii chachu hai ya kukinga ngozi na jua, ulipoletwa kijijini kwetu, na bado kila ikigonga nadhani kuna mtu mlangoni.

Nilifunua, nikachovya vidole, nikajipaka mikononi. Ikasisimka ngozini kama pumzi ya mtoto. Mjukuu wangu Wendo akatoka chumbani amembeba binti yake Seche kiunoni, nywele zake za rangi ya majani makavu bado hajazifunga kitambaa.

"Mbukwa, mke mwenzangu," akaniamkia.

"Mbukwa. Babu yako angekuona na nywele hizo angekupa talaka."

"Aniache mimi abaki na wewe usiye na meno? Babu hakuwa mjinga kiasi hicho."

Seche alicheka kwa sababu mama yake alicheka. Tukaanza kupakana, mkono wangu juu ya mkono wa Wendo, kutoka kiwiko mpaka kiganja, kwenda na kurudi, halafu mkono wa Wendo juu ya kijikono cha mtoto. Hivyo ndivyo utando unavyoishi kwetu. Chungu kinaulisha tu. Mtu ndiye anayempa mtu. Chungu chako kikivunjika, jirani atakunyooshea mkono na utakuwa umeuazima. Mtu anayepita njiani bila kukupa mkono, tunasema amekuacha juani.

Nilimwinamisha Wendo kichwa nimpake nyuma ya sikio. Kidole changu kikakwama kwenye kitu kigumu, chenye magamba.

"Nini hiki?"

"Kipele. Kitambaa kinanikwaruza."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokuwa tunapogoa."

Kupogoa kulikuwa kumekwisha zamani. Zabibu zilikuwa zimeanza kugeuka rangi.

"Bibi, usinitolee macho. Angalia hereni."

Niliangalia. Hereni ya kipimo, ile anayovalishwa kila mtoto akifikisha arobaini, ilikuwa inang'aa kijani sikioni mwake, umbali wa ukucha mmoja kutoka kwenye kile kipele. Kijani ni ngozi iliyotulia. Njano, rudi kivulini. Nyekundu, kutu inakula ngozi yako, kimbia. Tangu kabla Seche hajajua kusema "maji", akiona kijani alipiga makofi.

"Kijani," akasema Wendo, akafunga kitambaa, akaenda shambani.

Sikutulia. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilimfunga Seche mgongoni, nikaenda hadi ukingo wa shamba la ushirika, nikasimama. Jua lilikuwa lile la siku hizi, linalopasua plastiki. Katikati ya mistari ya mizabibu, Wendo alikuwa anakata vichala mikono wazi, anaimba, anataniana na wenzake. Wendo ana ualbino. Shangazi yangu Mwidowe alizaliwa na ngozi kama ile kabla ya utando, na sikumbuki hata siku moja akivuka ua mchana bila kujifunika shuka. Tulimzika akiwa na umri alio nao Wendo leo. Uso wake wa mwisho siusimulii.

Kwa hiyo namna ninavyoupenda utando, hakuna haja ya kuuliza. Lakini kidole changu kilikuwa bado kinayakumbuka yale magamba. Nikamwita Wendo atoke shambani. Akaja ananung'unika, ila alikuja.

*

Daktari Madinda wa zahanati yetu ni kijana. Kabla ya kumgusa Wendo na kile chombo chake cha chuma, alikifumbata kwanza kiganjani mpaka kikapata joto. Nilimpendea hapohapo. Alimpapasa shingo, akakata kinyama kidogo, akakiweka kwenye mashine, akatuacha tukisubiri tukisikiliza inavyovuma. Aliporudi, hakukaa nyuma ya meza yake. Alivuta kiti akaja upande wetu, nikajua.

"Si kipele, dada Wendo. Ni saratani ya ngozi. Na mbegu zake zimeshafika kwenye tezi ya shingo, hapa."

"Lakini hereni ni kijani," akasema Wendo.

"Ndiyo. Hicho ndicho kinachonisumbua."

Akamtazama Seche, aliyekuwa amelala mapajani mwangu, akashusha sauti.

"Oksijeni hii tunayovuta, jua kali likiipiga ndani ya ngozi, inachachamaa. Inakuwa kama mtu aliyeporwa sokoni. Anamkwapulia wa jirani, jirani naye anamkwapulia wa pili yake. Vurugu hiyo ndiyo mnayoiita kutu. Ikizidi inafika mpaka kwenye maagizo ya seli, yale yanayoiambia ikue namna gani na ikome lini. Yakichanika, seli inasahau kukoma."

"Na utando unazuia," nikasema.

"Unazuia, bibi. Unampa aliyeporwa kitu chake kabla hajamkwapulia mwenzake. Bila utando mjukuu wako asingefika hapa. Lakini nyuma ya sikio, chini ya kitambaa, mikono haifiki vizuri. Utando ulikuwa mwembamba pale. Seli moja ikaungua, ikasahau. Sasa seli ya namna hiyo inakua kwa pupa mno, na pupa hiyo inaizalishia kutu yake yenyewe. Zikitoka pale kwenda kwenye damu, huko nako oksijeni ni tele, nyingi zingefia njiani. Zingefia."

"Ila?" akauliza Wendo.

"Ila utando hauulizi nani ni nani. Unazifuta na zenyewe kutu. Zinasafiri zimefunikwa shuka. Hereni inasema kijani kwa sababu ngozi yako imetulia kweli, na ugonjwa nao umetulia ndani yake." Akajikuna kidevu. "Ninyi mnamwagilia zabibu. Maji yanachagua?"

"Hayachagui," Wendo akasema polepole. "Gugu ndilo linalokunywa kwanza."

Nilikuwa nimeushika mkono wake. Nikausikia unavyosisimka juu ya wangu, utando wangu na wake, ule niliompa siku aliyozaliwa kabla hata kitovu chake hakijafungwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikujua kama nimshike au nimwachie.

Daktari akaeleza dawa. Ilikuwa inafanya kazi kwa kuiongeza ile kutu ndani ya seli za ugonjwa mpaka zishindwe kuibeba. Utando ungeifuta kabla haijafanya kitu. Kwa hiyo ilibidi Wendo avuliwe utando.

Wendo alicheka. "Mimi? Si useme tu mnizike."

"Utakaa chumba cha giza. Hata taa ya kawaida itakuunguza. Na asikuguse mtu, kwa sababu utando hauombi ruhusa. Mkono mmoja tu, na unarudi. Mimi nitavaa glovu."

"Na Seche?"

"Seche zaidi ya wote. Utando wa watoto una nguvu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tezi inywee. Labda mvua zitakukuta bado uko ndani."

"Nikikataa?"

"Utarudi nyumbani na kijani chako, na kwa muda hutaumwa. Utakapoanza kuumwa itakuwa imeshafika mapafuni. Siwezi kukulazimisha. Mlango wa kile chumba hauna hata kufuli." Akaongeza, "Na sikuahidi kwamba dawa itashinda. Nasema inaweza."

Wendo alinigeukia mimi. "Uji wa Seche usizidishe moto, unamfanya autapike. Baba yake akipiga simu kutoka mgodini, mwambie asiache kazi. Na akilala, mtoto, mshike sikio. Asiposhikwa sikio halali."

Hivyo ndivyo alivyokubali.

*

Walimwogesha kwa maji machungu ya rangi ya kutu, wakamwogesha tena. Hereni ikaenda njano, ikafika nyekundu, ikabaki hapo.

Chumba kilikuwa nyuma ya zahanati. Kilikuwa na dirisha la wavu lenye mapazia mazito, na upande wa pili, kwenye ujia wa jikoni, kidirisha kidogo cha chakula karibu na sakafu. Mama Ezra ndiye aliyepitisha sahani pale. Mjane mnene, mwenye kicheko cha kuazimisha, yeye ndiye anayesafisha zahanati nzima na kujua kila mgonjwa anapenda nini. Siku ya kwanza tu alikuwa ameshajua kwamba Wendo hali ugali wa mahindi. Alikuwa anamsongea wa uwele na mlenda kutoka jikoni kwake mwenyewe.

Nilikwenda kila alfajiri, kabla jua halijapata nguvu ya kupenya mapazia. Nilikuwa naona kidoa chekundu tu ndani ya giza, kikisogea.

"Inaniwasha kila mahali," alikuwa anasema. "Hata sauti yako inaniwasha, bibi."

"Ninyamaze?"

"Usinyamaze."

Seche hakuelewa mama aliye na sauti lakini hana mikono. Alikuwa anaupiga ule wavu. "Mama toka. Mama toka." Wendo alikuwa anamwimbia nyimbo za shambani, lakini sauti ilikuwa inamkatika katikati, na mimi nilijikuta najisugua mikono yangu mwenyewe, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayepakana na hewa. Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Chungu kikigonga nilikuwa nachovya vidole kwa ajili ya watu watatu.

Mama Ezra aliona. Kila nilipomaliza dirishani alikuwa anakuja kumpokea mtoto. "Nenda ukamsikilize daktari, Bibi Mgoli. Huyu ninaye. Mwone anavyokuchosha." Nami nilimshukuru. Nilikuwa nakaa kwa daktari, ananieleza habari za tezi, ambazo hazikuwa habari: leo kama jana. Nikirudi, namkuta Seche ametulia kabisa mgongoni kwa Mama Ezra, uso umekauka machozi. Nikasema moyoni, huyu mama Mungu amempa mkono wa watoto.

Asubuhi moja nilifika, nikaita, na kile kidoa gizani kilikuwa kijani.

Nilipiga kigelegele. Sikukifikiri, kilitoka chenyewe. Mama Ezra alitoka jikoni mbio, ufagio mkononi, akaona, akakidaka kigelegele changu pale nilipoishiwa pumzi. "Kijani! Mtoto wetu! Kijani!" Tulishikana mikono tukazunguka uani, na Seche katikati yetu akipiga makofi, kwa sababu kijani ni kijani. Wagonjwa waliokuwa nje nao wakaitikia. Ndani, kile kidoa kilirudi nyuma.

Daktari Madinda akaja bila viatu. Akachungulia. Akakaa chini kwenye ngazi kama mtu aliyetembea kutoka mbali.

"Nani amemgusa?" akauliza.

Kigelegele kiliishia hewani. Nilikuwa nimesahau. Nimeishi na kijani muda wote huo, nimekisujudia, na siku moja ya kuambiwa kwamba safari hii kijani ni kibaya haikutosha kuniondolea mazoea.

"Bibi, samahani kukuuliza. Ulimgusa?"

"Sijamgusa, mwanangu."

Aliniamini. Niliona namna alivyojitahidi kuniamini, nikamhurumia. Aliuliza habari za shuka, zilikuwa zinachemshwa. Aliangalia glovu zake dhidi ya mwanga, hazikuwa na tundu. Mama Ezra alikuwa ameanza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

*

Mchana ule nyumbani nilikuwa napepeta uwele uani, Seche akizurura kati ya jiko na mlango. Kukawa kimya, na kimya cha mtoto wa umri ule ni cha kukimbilia. Nikaenda.

Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni mbele ya mlango wa chumba cha mama yake, uliofungwa tangu Wendo aondoke. Alikuwa amepitisha mkono wake chini ya mlango mpaka begani. Alikuwa anafumba na kufumbua vidole upande ule ambako hapakuwa na mtu, anasubiri.

"Mama," akasema, kwa sauti ya mtu mwenye ahadi. "Mama, shika."

Niliuangalia mlango ule, nikakiona akilini kile kidirisha cha chakula cha zahanati. Nikakaa sakafuni kando yake. Ungo nilikuwa bado nimeushika.

Jioni jua lilipolegea nilimwacha mtoto kwa jirani, nikamfuata Mama Ezra jikoni kwake. Alipika chai, akanitilia tangawizi nyingi anavyojua naipenda. Hatukuinywa.

"Ni mkono wa Seche," nikasema.

Hakukataa. "Nilimnawisha kwa sabuni, Bibi Mgoli. Kila siku. Mara mbili, mpaka kwapani. Tena kwa maji ya uvuguvugu, ili mkono usimfikie mama yake ukiwa wa baridi."

"Utando hauko juu kama vumbi, mama. Uko ndani ya ngozi."

"Mikono iliyonawa si misafi?" Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nilipomletea chakula ile mara ya kwanza nilimwona amekaa pale chini, amelaza shavu sakafuni ili aone miguu ya mwanawe ikipita. Nikasema, hata mfungwa husalimiwa. Mtoto kupita kwa mama yake kila asubuhi bila kupewa mkono, tumekuwa watu gani? Alivyoushika! Hakuuvuta. Aliuweka tu shavuni, hivi, akanyamaza. Na mtoto naye akanyamaza. Ungekuwepo, ungefanya nini?"

Swali lile lilistahili ukweli.

"Ningefanya hivyohivyo," nikasema. "Ndiyo maana nashukuru ulikuwa wewe, maana mimi nisingepata mtu wa kunikomesha."

*

Alfajiri nilikwenda peke yangu. Wendo alikuwa amesimama karibu na wavu. Kile kijani kilikuwa kinawaka kwa uzuri wake wote.

"Seche yuko wapi?"

"Nyumbani."

Akaelewa. "Umemwambia daktari?"

"Bado. Nilitaka wewe usikie kwanza."

"Basi usimwambie." Aliushika wavu kwa vidole vyote. "Bibi, nisikilize. Hainiwashi tena. Nalala. Ule mkono ukiingia pale, kwa dakika ile moja mimi ni mtu. Usiniondolee."

"Unajua kijani hicho kinalisha nini."

"Najua! Ni shingo yangu, najua kuliko nyote. Ni ngozi yangu pia."

"Ni yako."

"Basi niachie." Aliutikisa wavu. "Kama dawa itashindwa, nitakuwa nimekaa gizani nikichubuka kama muhogo, sikumshika mwanangu, na bado nikafa. Wewe una hakika itashinda?"

"Sina."

"Daktari anayo?"

"Hana. Amekwambia mwenyewe."

"Basi mnanibania nini? Mnanibania kwa hakika ya nani?"

Alikuwa mtu mzima anayedai kilicho chake, na kila alichosema kilikuwa kweli. Upande wa pili kulikuwa na mtoto anayenyoosha mkono chini ya mlango na hajui anapitisha nini. Siku moja angekuwa mkubwa. Angeuliza mama yake alikufaje, na mtu mwenye mdomo mwepesi angemwambia.

"Kutoka unaweza," nikasema. "Mlango hauna kufuli, na ukitoka nitakupokea na kukupaka mwenyewe, wala hutasikia neno kwangu. Lakini ukiwa humo ndani, Seche simleti. Sitamfanya mtoto awe ndiye anayeubeba. Na daktari namwambia leo, kwa sababu anakupa dawa akidhani inapigana, na haipigani."

"Ukifanya hivyo, na wewe usije."

"Wendo."

"Usije, bibi. Sikutaki."

Pazia lilishuka.

Nilimwambia daktari. Hakupandisha sauti, wala hakumfukuza Mama Ezra kama nilivyokuwa nimejiandaa kumwombea. Alimwita, akampa glovu zake mwenyewe, akamwonyesha zinavyovaliwa. Halafu akaenda mwenyewe mlangoni kwa Wendo, akamweleza kwamba itabidi waanze upya, na kwamba safari hii itauma zaidi, na kwamba anaweza kuondoka sasa hivi na hakuna atakayemlaumu. Alikaa akisubiri mlango ufunguliwe. Nilisimama uani na kitenge mkononi cha kumfunika kichwa dhidi ya jua.

Mlango haukufunguliwa. Baadaye tulisikia maji yakimwagika ndani. Alikuwa anajiogesha mwenyewe yale maji machungu.

*

Alisema nisije. Nilikwenda.

Nilikuwa nakaa nje ya dirisha lake kabla ya jua, nikizungumza na pazia. Nilimwambia Seche amekula nini, amevunja nini. Nilimwambia mvua imechelewa na zabibu za upande wa mlimani zimekuwa tamu kupita kiasi. Nilimwambia mtoto amejifunza kusema "sitaki" na sasa hafundishiki neno lingine. Hakuitikia. Siku nyingine nilisikia anavyojikuna, kucha kwenye ngozi, mfululizo, mpaka mimi mwenyewe nikasimama, nikatembea, nikarudi kukaa. Kwenye mshono wa pazia palikuwa na uzi wa mwanga mwekundu.

Kijijini maneno yalikuwa yameshafika. Bibi Mgoli amemnyima mjukuu wake mkono. Kisimani rafiki yangu wa usichana, niliyepakana naye tangu utando ulipokuja, alijifanya ana ndoo mikono yote miwili. Niliachwa juani, na jua lilikuwepo. Sikumlaumu. Kama ningesikia habari ile juu ya mtu mwingine, ndoo ningebeba mimi.

Nilipofika asubuhi moja nikakuta chini ya dirisha kuna kigoda, na juu ya kigoda kitambaa kimekunjwa, kwa sababu Mama Ezra alikuwa ameona jinsi ninavyoinuka nikishika nyonga. Nilikaa. Nikapata nguvu ya kuzungumza muda mrefu zaidi.

Daktari aliniambia tezi imekuwa laini kidogo. "Kidogo, bibi. Usiipigie kigelegele." Nikamwambia vigelegele nimeviweka akiba.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa namsimulia Wendo jinsi Seche alivyomfukuza kuku wa jirani mpaka ndani ya nyumba ya jirani, hadi chumbani kwa jirani, jirani akiwa anavaa.

"Alivaa nini?" pazia likauliza.

Nilishika wavu ili nisianguke kutoka kwenye kile kigoda. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kutotumika.

"Nani, jirani? Alikuwa bado hajafika huko."

Kikatoka kitu kama kicheko, kikageuka kikohozi. Pazia likasogea upana wa kiganja. Sikuona uso wake, na nadhani hakutaka niuone. Niliona wekundu wa hereni, na chini yake ngozi ya shingo iliyochubuka vipandevipande. Mikono yangu iliinuka yenyewe. Niliirudisha mapajani nikaikalia.

"Nilikuchukia," akasema.

"Najua."

"Bado kidogo."

"Kidogo naweza kukaa nacho."

Mashariki kulikuwa kunaanza kupauka, na muda wetu ulikuwa unakwisha. Nikainuka, nikakunja kile kitambaa.

"Bibi."

"Abee."

"Seche asije. Nisikie vizuri. Hata nikikuomba, hata nikilia. Akija nitamwita pale kwenye kidirisha, najijua." Alivuta pumzi. "Lakini wewe njoo. Kesho njoo tena. Njoo mapema, ukae."